Shela ya Hofu

Jumanne baada ya Pasaka, kabla umande haujakauka, Merwena alipakiwa kwenye mkokoteni wa watawa kama gunia la shayiri na kupelekwa kwenye ngome ya Bwana Turstin kujibu swali moja. Swali alilijua tangu wiki iliyopita. Jibu alilijua tangu miaka sita iliyopita. Lililomkosesha raha ni kwamba jibu lenyewe lilikuwa na mkia, na mkia huo hakuwa amemwonyesha mtu yeyote isipokuwa padri wa kumuungamisha.

"Mbona umenuna kama aliyekunywa siki?" aliuliza Mama Mkuu Ethelswitha, aliyekaa mbele yake akiwa ameshikilia ubao wa mkokoteni kwa mikono miwili.

"Sijanuna, Mama Mkuu."

"Umenuna. Nimelea wasichana miaka thelathini, najua uso ulionuna hata ukifungwa shela mpaka kwenye nyusi. Sikiliza. Padri atakuuliza: binti, ulivaa shela kwa kumpenda Mungu au kwa kuwaogopa Wanormani? Utasema kwa kuwaogopa. Ataandika, atapuliza wino, sisi tutarudi nyumbani kula mbaazi."

"Mimi nikirudi, nitarudi kama nani?"

Mama Mkuu alikaza mikono kwenye ubao. Alikuwa Mwingereza wa zamani, mnene, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuita ng'ombe, na alimpenda Merwena kuliko alivyopenda kukiri. "Utarudi kuchukua vitu vyako," alisema. "Au utarudi kukaa. Jumapili si mbali."

Hapo ndipo shida ilipokuwa. Wanormani walipovuka bahari kutoka Ufaransa na kuiteka nchi, wasichana wengi wa Kiingereza walikimbilia kwa watawa, wakajifunika shela ili wasiguswe. Wengine walikaa wakaapa, wengine walikaa tu. Sasa ilikuwa imekuja barua kutoka kwa wakubwa wa Kanisa: aliyevaa shela kwa hofu tu, na hajaapa, anaweza kuivua, mradi apate mashahidi wawili wa hofu yake. Asiyewapata, Jumapili ijayo ataapa na mlango utafungwa nyuma yake mpaka siku atakayotolewa kwa jeneza.

Merwena alikuwa na shahidi mmoja, naye ndiye huyo aliyekuwa akiyumba mbele yake kwenye mkokoteni.

Na kwenye ngome ile alikuwako Serlo.

Serlo alikuwa kitindamimba wa Bwana Turstin. Baba yake alitaka awe na walau mtoto mmoja anayeweza kuongea na wakulima bila mkalimani, kwa hiyo alimpeleka kwa watawa akajifunze Kiingereza. Watawa wazee walikataa katakata kufundisha dume la Kinormani. Kazi ikamwangukia Merwena, mtunza nyuki, kwa sababu hakuna mtu mwenye ubaya anayethubutu kusimama karibu na mizinga hamsini. Masika mawili Serlo alikuja kila Alhamisi. Alianza na "nyuki", akaja "asali", akaja "nta", na kufikia masika ya pili alikuwa anaweza kusema, kwa matamshi ya kuchekesha, kwamba wiki ina siku sita za bure na moja ya kuishi. Merwena alimsahihisha matamshi. Maneno yenyewe aliyaacha kama yalivyo, akaenda nayo kitandani.

Hakuna aliyemgusa mwenzake hata ukucha. Lakini macho hayana kufuli, na moyo ulishakwenda zamani.

Mkokoteni ulivuka daraja la mbao, ukaingia uani. Mbele yao palisimama kilima cha udongo kilichorundikwa kwa majembe ya watu wa kijiji, na juu yake mnara wa magogo. Chini ya udongo ule kulikuwa na shamba la mipeasi la baba yake Merwena, aliyekufa vitani. Merwena aliangalia mara moja, kisha akaangalia mikono yake. Alikuwa ameshalia juu ya mipeasi ile miaka ya nyuma. Leo alikuwa na la kwake.

Ukumbini palikuwa na moto mkubwa na harufu ya nyama ya nguruwe ya jana. Bwana Turstin alikaa kitini amepanua miguu, mtu mkubwa mwenye kicheko cha karibu. Pembeni yake alisimama mkewe, Bibi Hawisa, mwembamba, amenyooka, funguo zikining'inia kiunoni. Padri Ilbert, aliyetumwa na askofu, alikuwa mezani na mafua yake. Mama yake alikuwa Mwingereza, baba yake Mnormani, hivyo lugha zote mbili alizipenga kwa pua ileile, na kila lililosemwa kwa Kifaransa alilirudia kwa Kiingereza na kinyume chake.

Serlo alikuwa ameegemea nguzo, uzito wote kwenye mguu mmoja. Mguu mwingine ulikuwa na kovu la vita, na kila karamu baba yake aliwahadithia wageni jinsi kijana wake alivyochomwa mkuki pajani akiwa na miaka kumi na tisa tu na asitoe hata mguno. Serlo alimtazama Merwena. Merwena alisahau kuinama.

"Iname, mwanangu," Mama Mkuu alimnong'oneza, akimfinya kiuno.

"Kabla hamjaanza," alisema Bibi Hawisa, "nataka niseme langu. Binti huyu simchukii. Lakini shela ni shela. Mwanamke aliyeivaa ni mke wa Kristo, na mwanangu hatamnyang'anya Mungu mke. Kuna Emmelina kule Lisieux, binti wa rafiki yangu, msichana mwenye adabu na mashamba ya tufaha. Barua ya posa iko tayari. Leo ikithibitika huyu ni mtawa, barua inaondoka na mtumishi mchana huuhuu."

"Mama," Serlo alisema.

"Nimesema langu. Sasa na waseme wao."

"Mimi sina neno," Bwana Turstin aliingilia, akikuna ndevu. "Ardhi ilikuwa ya baba yake. Kijana akimwoa, wakulima watatulia, nami nitalala. Ila sitaki laana nyumbani. Padri, uliza."

Padri Ilbert alipenga kamasi, akafungua sanduku dogo la masalia ya mtakatifu, akamwita Mama Mkuu kwanza. Mama Mkuu aliweka kiganja chake kinene juu ya sanduku na kueleza: miaka sita iliyopita, mwezi wa Novemba, alisikia lango likigongwa kwa mateke. Alipofungua alimkuta msichana wa miaka kumi na saba juu ya farasi jike asiye na tandiko, mguu mmoja una kiatu, mwingine hauna.

"Na alikuja kwa hofu?" padri aliuliza.

"Padri, hakuja kuazima chumvi."

Bwana Turstin alicheka. Bibi Hawisa hakucheka.

"Wasichana hukimbia kwao kwa mambo mengi," alisema. "Mwingine kagombana na mama wa kambo, mwingine kaota malaika. Tutajuaje kwamba alituogopa sisi? Mume wangu alikataza watu wake wasiguse mwanamke yeyote."

"Nilikataza," Bwana Turstin alikubali. "Kwa kiapo."

"Shahidi wa pili yuko wapi?" padri akauliza.

Merwena alisema, "Hayupo. Yaya wangu alikufa masika yaliyofuata. Mtunza farasi wetu alikufa mwaka jana."

"Basi tueleze mwenyewe. Ni nini hasa kilichokutisha siku ile? Ukitaja mtu, au mahali, pengine atapatikana wa kuthibitisha. Weka mkono hapa."

Sanduku lilikuwa la baridi. Merwena alijua kwamba angeweza kusema aliwaogopa wote, kama alivyofundishwa njiani, na lisiwe uongo. Lakini neno la jumla halina shahidi. Ili apatikane wa kuthibitisha, ilimpasa ataje siku, na zizi, na mtu. Na akimtaja mtu yule, atakuwa ametaja maiti. Mwisho wa aliyemuua Mnormani ulikuwa kitanzi, na yatakayokipata kijiji chake kizima yalijulikana. Alimtazama Serlo. Serlo alikuwa amebadilika rangi, mweupe kama jibini. Ananihurumia, Merwena aliwaza. Bado hajui anamhurumia nani.

Mficha uchi hazai. Akapiga moyo konde.

"Nilikuwa kwenye zizi la farasi," alianza. "Wapanda farasi waliingia uani kwetu. Niliona moshi, nikadhani ni wa nyumba kubwa. Tulikuwa tumebakiwa na farasi jike mmoja tu, wa marehemu baba. Nikasema huyu hawampati. Mara mmoja wao akaingia zizini, kofia ya chuma imemfunika mpaka puani, anapiga kelele neno moja tu. Hors. Hors. Hors."

Padri, aliyekuwa akitafsiri, alisita. Bwana Turstin na mkewe walitazamana.

"Kwetu hors ni farasi," Merwena aliendelea, macho kwenye sanduku. "Nikajua kaja kumchukua. Nikamsukuma. Akanishika mkono akanivuta, bado anapiga kelele ileile. Nyuma yangu palikuwa na uma wa samadi. Nikamchoma nao kwa nguvu zangu zote, pajani, akaanguka. Nikarukia mgongo wa farasi nikatoka. Nilipofika kwenye daraja niligeuka, nikaona paa la zizi linaporomoka, lote moto. Na yeye nilimwacha ndani."

Padri alimalizia kutafsiri kwa sauti iliyokuwa ikizidi kushuka.

"Kwa hiyo sikuwaogopa tu," Merwena alisema. "Nilimuua mmoja wenu. Nimemfungia Kwaresima sita kwa mkate na maji. Jina lake silijui. Ndiyo maana nilibaki na shela, na ndiyo maana sikuapa. Sikutaka kumwapia Mungu nikiwa na damu ya mtu ambayo sijaisema mbele ya watu wake."

Bwana Turstin alisimama. Hakuwa na kicheko tena. "Mtu wangu?" alisema. "Uliniulia mtu? Mbona sikupoteza mtu siku ile? Niliwahesabu jioni. Walikuwa wote, ila mmoja alikuwa na..."

Kichwa chake kiligeuka polepole kuelekea kwenye nguzo.

"Hakufa, Baba," alisema Serlo.

Alitoka kwenye nguzo akichechemea, akaja akasimama mbele ya meza, upande wa pili wa sanduku. Hakumtazama Merwena. Aliweka mkono wake juu ya masalia, karibu na wa Merwena bila kuugusa, akasema kwanza kwa Kifaransa, halafu, kabla padri hajafungua mdomo, akarudia mwenyewe kwa Kiingereza.

"Naapa kwamba yule aliyeingia zizini ni mimi. Paa la zizi lilikuwa linawaka juu ya kichwa chake naye alikuwa hajui. Nilikuwa nampigia kelele kwa lugha yangu. Hors. Nje. Toka nje. Hilo ndilo neno pekee nililosema, na kadiri nilivyolisema ndivyo alivyozidi kumkumbatia farasi." Alimgeukia padri. "Nani aliwasha moto ule siwezi kuapa. Asubuhi hiyo wenzangu walikuwa wamechoma vijiji viwili, nami nilikuwa nao. Ninaloweza kuapa ni kwamba binti huyu aliogopa. Hofu yake niliiona kwa macho yangu, kwa karibu sana, na alama ninayo."

"Alama ni ya mkuki," Bwana Turstin alisema, kama mtu anayeomba.

"Ni ya uma wa samadi, Baba."

"Nimesimulia mkuki ule kwa wakuu wa Rouen."

"Najua. Nilikuwepo. Nilikuwa nakula polepole."

"Ulitokaje?"

Masikio ya Serlo yaliwaka. "Kupitia tundu la kutolea samadi."

Bwana Turstin alikaa. Alifunika uso kwa kiganja, mabega yakaanza kumtikisika, na ikachukua muda kabla watu hawajatambua kwamba anacheka mpaka machozi. Bibi Hawisa alikuwa anamtazama mwanawe kana kwamba ndiyo kwanza ameletwa na mkunga.

"Nilijua," alisema. "Nilipovuka bahari nikaliona kovu lile, lina matundu mawili yaliyopangana. Nikajiuliza, mkuki gani una meno mawili? Miaka mitano najiuliza." Kisha akauliza kwa sauti ndogo zaidi, "Uliingia ndani ya moto kumtoa mtu usiyemjua, halafu ukaona aibu kusema?"

"Niliona aibu ya uma, Mama."

Padri Ilbert alichovya kalamu. "Shahidi wa pili," alisema, akiandika, "aliyechomwa." Alipuliza wino, akapenga pua, akatamka kwa Kilatini na kisha kwa lugha mbili nyingine kwamba Merwena, binti wa Leofnoth, aliingia kwa watawa kwa hofu na si kwa nadhiri, hivyo yuko huru kutoka na kwenda atakako.

Merwena alisikia neno "huru" na akashika ukingo wa meza. Si kwa sababu ya shela. Mtu yule wa zizini, asiye na uso, ambaye kila Kwaresima alimlilia kwenye sakafu ya kanisa, hakuwa maiti. Alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwake, masikio mekundu. Mzigo wa miaka sita ulimtoka kifuani kwa mkupuo, na mahali ulipotoka pakaingia hasira safi, yenye afya.

Aligeuka akatoka nje bila kumuaga mtu.

Serlo alimkuta uani, karibu na birika la kunyweshea farasi, amejishika kiuno.

"Masika mawili," Merwena alisema kabla hajafika. "Alhamisi kwa Alhamisi. Ulijua tangu lini?"

"Tangu siku uliyonifundisha majina ya wanyama. Ulinionyesha farasi wa mkulima, ukasema hors. Nikacheka, nikakwambia kwetu hilo ni nje. Hukucheka. Ulikuwa umegeuka kukamata kundi la nyuki, hukunisikia. Na mimi ndipo nikauona mkono wako umeshika uma wa kusafishia mizinga, jinsi ulivyoushika. Nikakwambia tumbo linaniuma, nikaondoka."

"Nilikuchemshia mnanaa."

"Niliunywa."

"Muda wote huo, Serlo. Ukakaa kimya."

"Ningesema nini? Nimeshakupenda, halafu nije nikwambie kwamba yule unayemwota usiku ukapiga kelele ni mimi? Mama Mkuu aliniambia unaota. Nikasema, akijua hatanitazama tena. Nikawa naahirisha. Alhamisi ijayo, Alhamisi ijayo."

"Nilikuwa naota nimekuua!"

"Hukuniambia kwamba uliniua."

"Mtu anaanzaje kusema jambo kama hilo?"

"Ndiyo hivyohivyo na mimi."

Merwena alimnyooshea kidole. "Kwaresima sita," alisema, ila sauti ilikuwa imeanza kumsaliti. "Siku arobaini, mkate na maji. Nimekonda kwa ajili ya roho yako, nimepiga magoti mpaka yakaota sugu, na marehemu mwenyewe amekaa kwenye bustani yangu anakula maandazi yangu ya asali."

"Yalikuwa matamu sana."

"Usinichekeshe. Nimekasirika."

"Naona."

"Siku moja ulikula manane. Ilikuwa Kwaresima, na mimi nina njaa."

"Tisa," Serlo alisema. "Moja nililificha."

Hapo hasira iliisha. Merwena alicheka, akajaribu kujizuia, akashindwa, na kicheko kikageuka kilio palepale kama mvua ya jua. Serlo hakusogea. Hakuwa na uhakika anaruhusiwa.

"Kuna jambo lazima nikwambie," alisema, akitazama ardhi. "Sikuapa mle ndani ili nikupate. Uko huru, Merwena. Padri kasema uende utakako. Una shangazi kule Lincoln. Nitakupa farasi na watu wawili wa kukusindikiza, na sitakuja nyuma yako. Nilikwisha kukushika mkono kwa nguvu mara moja. Sirudii."

Merwena alimtazama. Mtu huyu alikuwa ameingia chini ya paa linalowaka kumtoa, akachomwa kwa fadhila zake, akajivisha samadi, na leo amejivua heshima mbele ya baba yake, yote bila kudai hata asante. Na bado alikuwa anaomba radhi.

"Umemaliza?" aliuliza.

"Nimemaliza."

"Nimeamka alfajiri," Merwena alisema, akijifuta pua kwa mkono wa joho, "nikapanda mkokoteni usio na huruma, nikaja kwa watu ambao nilidhani nimewaulia ndugu yao, nikaweka shingo yangu mezani. Unadhani nilifanya hivyo ili nikamwone shangazi?"

Serlo aliinua kichwa.

"Nilikuja kutafuta ruhusa ya kuolewa na wewe. Nikiwa nimekuua. Sasa nimekuta u hai, nikatae kwa sababu gani?"

Alijaribu kujibu kwa Kiingereza, kikamkimbia. Alijaribu kwa Kifaransa, nacho hakikumsaidia. Merwena aliona kwamba akimsubiri watakesha, akashika pindo la shela, halafu mkono ukasimama. Hofu nyingine ilimjia, ndogo, ya kijinga, lakini ya kweli kabisa.

"Geuka," alisema.

"Kwa nini?"

"Geuka nimesema. Nywele zangu. Wanatukata kwa mkasi wa kondoo, tena Dada anayekata haoni vizuri. Hujawahi kuniona kichwa. Nina hakika nafanana na kifaranga aliyenyeshewa."

"Merwena, mimi ulinichoma mahali ambapo baba yangu hutaka kuwaonyesha wageni kila karamu. Aibu gani tena kati yetu?"

Akaivua. Upepo wa masika ulimpiga kichwani kwa mara ya kwanza baada ya miaka sita, ukaingia kwenye vishungi vyake vifupi vya rangi ya shaba vilivyosimama kila kimoja na upande wake. Alifumba macho asione uso wa Serlo. Aliposikia kimya kimezidi aliyafumbua. Serlo alikuwa anamtazama kama mtu mwenye njaa aliyefunguliwa mlango wa jikoni, na machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kidevuni.

"Basi ndo uninyamazie?" Merwena alisema kwa aibu. "Hata uongo huna?"

"Natafuta neno. Hukunifundisha."

"Serlo."

Sauti hiyo ilikuwa ya Bibi Hawisa. Walishtuka wote wawili kama wezi. Mama yake Serlo alikuwa anakuja akikanyaga tope kwa viatu vyake vya ndani, jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona akilifanya. Nyuma yake, mlangoni, Mama Mkuu na Bwana Turstin walikuwa wamesimama bega kwa bega wakijifanya wanatazama hali ya hewa. Mkononi Bibi Hawisa alikuwa na barua iliyoandikwa kwenye ngozi, imechanwa katikati. Mkono wa pili ulishika kitambaa cheupe cha kitani, chembamba, chenye utepe wa bluu pembeni, cha kuvaliwa na mke wa bwana siku za sikukuu.

Alisimama mbele ya Merwena. Alikitazama kichwa kile kilichokatwa vibaya, akakitazama tena, na midomo yake ikakaza. Merwena alishusha macho. Alijiandaa kusikia habari za Lisieux.

Bibi Hawisa alikikunjua kitambaa, akamfunika Merwena kichwa kwa mikono yake mwenyewe, akakipitisha chini ya kidevu, akakirekebisha mara mbili kwenye paji, kwa ukali wa mama anayemvisha mtoto anayehangaika. Huku akifanya hivyo alisema kitu kwa Kifaransa, kirefu, haraka, bila kutabasamu. Kisha akageuka akarudi ndani kwa viatu vyake vilivyoharibika.

Serlo alimfuata kwa macho.

"Amesema nini?" Merwena aliuliza. "Serlo. Tafsiri."

"Amesema kuna baridi."

"Amesema mengi kuliko hayo."

"Amesema kuna baridi," Serlo alirudia, na safari hii sauti ilimkatika katikati, "na kwamba katika ua wake, siku yoyote ile, mkwe wake hatatembea kichwa wazi."